Diski za Kuwekea Harusi

Nyuma ya soko la Labasa, mji mdogo wa visiwa vya Fiji, pale mabasi yanapogeuzia, lipo benchi la mataruma ya reli mbele ya kibanda cha Mereoni. Ukipita hapo Jumamosi baada ya saa saba mchana utasikia kinu, utasikia makofi, na utasikia wanaume watatu wakibishana juu ya jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelisomea. Kahawa hapo hakuna. Kuna karai la kava, ule mzizi uliotwangwa ukakamuliwa kwenye maji baridi mpaka yakawa na rangi ya tope, kinywaji kinachotia ulimi ganzi na kumfanya mwenye haraka asahau alikokuwa anakwenda. Unapiga kofi moja, unapokea kifuu, unakimaliza bila kupumua, unapiga makofi matatu, na baada ya hapo una ruhusa ya kusema lolote.

Aliyeleta mada siku hiyo ni Shiu Narayan, mzee wa miaka sabini na mbili ambaye benchi zima linamwita Kaseti. Kwa miaka thelathini na moja alipiga video za harusi za upande ule wote, za Wahindi kwa Wafiji, na mke wake Phulmati ndiye aliyembebea taa. Sasa mwanawe aliye Brisbane alikuwa amemtumia sanduku jeusi lenye matundu manne ya kutia diski. Ukilichomeka kwenye mtandao wa nyumbani, kila ulichoweka humo unakiona kwenye televisheni ya sebuleni, na hata mjukuu wa Brisbane anakiona kwenye simu yake. Ila sanduku lilikuja tupu. Diski chagua mwenyewe, baba, mwana aliandika, maana inategemea unataka kuweka nini.

Hapo ndipo penye shughuli. Shiu alikuwa na harusi mia tatu na kumi na mbili kwenye kabati la chumba cha nyuma, na ukungu mweupe ulikuwa umeanza kuzila. Kila harusi ilikuwa na namna mbili. Kulikuwa na mkanda uliokwisha kukatwa na kupambwa kwa nyimbo, saa mbili tu, ule waliolipia watu. Na kulikuwa na mikanda mibichi, saa sita au saba, yenye kila kitu kama kilivyopigwa. Wapiga video wengine waliifuta mikanda mibichi wakaitumia tena. Phulmati alikataa katakata. Humo mna watu, alikuwa akisema, kisha anakwenda dukani kununua mipya.

Phulmati alifariki miaka minne iliyopita. Shiu alipoanza kuihamisha ile mikanda mibichi kwenye kompyuta, ndipo akamsikia. Kinasa sauti walikuwa wakikifunga kwenye mti wa taa, kwa hiyo kila alilosema mwenye taa liliingia. Sogea kidogo, mjomba. Mtoto huyo ni wa nani, mtoeni karibu na moto. Sauti ya mwanamke wa miaka ishirini na minane, yenye kicheko ndani yake. Shiu alikaa mbele ya ile mashine mpaka chai yake ikapoa, na aliona aibu kwa jinsi alivyofurahi.

Basi hesabu ilikuwa hivi: harusi zilizokatwa peke yake zingetosha kwenye diski mbili ndogo, bei ya kawaida. Mikanda mibichi yote ingetaka diski nne, na ziwe kubwa kuliko zote zilizopo dukani. Akikosea akanunua ndogo, atalazimika kuchagua ipi ibaki na ipi ife pamoja na ukungu. Hayo hakuwaambia wenzake. Yeye aliuliza tu ni diski gani zinafaa, kwa sababu Nazim alikuwa anakwenda Suva, mji mkuu, Jumatatu na ndiye wa kumnunulia.

Nazim ni fundi wa majokofu, anaitwa Injinia. Maishani mwake amefungua kompyuta moja tu, akakuta mjusi ndani, akamtoa, nayo ikawaka, na tangu siku hiyo hakuna wa kumwambia kitu.

— Harusi mia tatu, akasema, huku akiandika kwenye pakiti ya biskuti. Ukizibana vizuri, kila moja giga nne. Tera moja na ushee. Nunua diski mbili za tera nne, ya pili iwe inaiga ya kwanza. Moja ikifa, nyingine ina kila kitu. Tumemaliza. Mereoni, lete.

— Na kama ni zaidi ya hizo? Shiu akauliza.

— Zaidi kutoka wapi? Mji mzima umeshauozesha, kaka, umebakiza nani?

Mereoni alitumbukiza kifuu kwenye karai na kumuuliza anataka bamvua au maji mafu, maana hapo ndivyo wanavyopima, kifuu kilichofurika au cha nusu. Injinia akasema bamvua. Akanywa, akapiga makofi yake, akapata wazo jipya. Kulikuwa na duka Suva linafunga, linauza katoni ya diski za kamera za ulinzi, sita kwa bei ya nne. Diski za kamera za ulinzi hazilali, alieleza. Zimeumbwa kuandika usiku na mchana, mwaka mzima.

Aliyempinga ni Vilikesa, pande la mtu lililoendesha treni ya miwa kwa miaka ishirini na minane, jina lake la benchi Reli. Yeye na Shiu huitana shemeji, ingawa hawajaoleana kwa upande wowote.

— Kuandika naandika hata mimi, akasema Reli. Mlinzi anaandika, sawa. Je, ikikosea?

— Ikikosea inaruka, inaendelea. Kamera ya ulinzi ikikosa nukta moja kuna hasara gani? Mwizi bado unamwona.

Shiu akashtuka. Nukta moja. Kuna mahali kwenye harusi moja ya kijiji cha Seaqaqa ambapo Phulmati anapiga chafya, kisha anajicheka mwenyewe, yote hayo ni kama sekunde tatu. Akasema kwa upole kwamba yeye angependa diski ambayo ikikosea inarudi kutafuta.

— Halafu hizo sita zimetoka katoni moja, Reli akaendelea, kwa kuwa alishaonja ushindi. Injinia, wewe mtoto wa Rahmat unataka kununua vitu vya tumbo moja? Wale maksai wa baba yako umewasahau?

Injinia akainamisha kichwa. Hakuna mtu wa umri wao asiyewajua maksai wa Rahmat. Alinunua madume mawili ya mama mmoja, akayahasi siku moja, akayafunga nira moja, akayapa majani ya shamba moja kwa miaka kumi na mitatu, akijisifu kwamba yanafanana hatua. Kweli yalifanana. Yalilala chini yakafa wiki moja, la pili halikuchelewa hata siku tano, katikati ya Agosti, wakati ardhi inangoja jembe.

— Ndiyo hivyo diski za katoni moja, Reli akasema. Zimezaliwa siku moja, zinafanya kazi moja, zitakufa wiki moja. Ile ya kuiga itaiga mpaka kifo. Nunua mbili duka hili, mbili duka lile, tena za miezi tofauti.

Lilikuwa neno la maana, ingawa lilitoka kwa Reli. Kisha Shiu akakumbusha kwamba maksai wale walipokufa, majirani tisa walikuja na maksai wao bila kuitwa, wakalima shamba la Rahmat kuanzia alfajiri, na mama yake Injinia akapika dengu kwenye sufuria la harusi. Tisa. Injinia akaanza kuwataja majina, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa nyumba zilivyokuwa barabarani. Huyu watoto wake wako Auckland. Huyu mkataba wa shamba uliisha, wakahamia Suva. Huyu nyumba ipo, imefungwa, mlango umeota mtambaa. Alipofika wa tisa akaona ni nyumba mbili tu ambazo bado zinafuka moshi.

— Tulikuwa na watu bwana, akasema Reli.

Wakanywa kifuu kizima kila mmoja. Shiu aliona uchungu wa kweli, kwa sababu hao tisa wote anao kabatini. Wamekaa kwenye mikeka wakimenya viazi siku moja kabla ya harusi, wanatukanana kwa furaha, mianzi ya banda inafungwa nyuma yao. Na hao wamenya viazi wako kwenye mikanda mibichi tu. Kwenye ile iliyokatwa aliwaondoa, akaweka wimbo na picha ya maua.

Huzuni ikikaa sana kwenye benchi lile hufukuzwa kwa ubishi. Injinia akarudi na somo jingine. Alisema zipo diski za bei rahisi za kuziogopa, ambazo mistari yake ya maandishi inalaliana kama mabati ya paa, bati hili limepanda juu ya lile. Ukitaka kubadilisha mstari mmoja ni lazima uinue na wa jirani. Kwenye sanduku la diski nne, hizo zinachelewesha nyingine mpaka sanduku linadhani zimekufa.

Reli hakuelewa ubaya uko wapi. Paa lake yeye liling'olewa na kimbunga kwa sababu fundi alilaza mabati kidogo mno.

— Yakilaliana vizuri upepo hauingii, akasema. Shemeji, chukua hizo za kulaliana.

— Reli, diski haipigwi na upepo.

— Nyumba aliyomo inapigwa. Au sanduku ataliweka mbinguni?

Injinia akasema basi achukue zile kubwa kabisa, ambazo hazina hata hewa ndani, zimejazwa gesi ili sahani zizunguke kwa wepesi. Reli akataka kujua gesi gani. Injinia, ambaye ni mwaminifu panapohusu gesi, akasema heli. Ile ya maputo.

Reli akaweka kifuu chini. Yaani shemeji yake, mtu mzima, aweke harusi za mji kwenye kitu chenye gesi ya maputo, katika nchi ya vimbunga. Paa likiondoka, na sanduku nalo si litafuata paa? Wataliokota Tonga, ng'ambo ya bahari. Injinia akajaribu kueleza kwamba diski hizo zina uzito wa tofali, lakini Reli alikuwa ameshafika mbali. Babu yake, akasema, kila mwaka kabla ya msimu wa vimbunga alichimba shimo, akalitandika majani ya ndizi, akafukia shelisheli mbichi, akaweka mawe juu. Kimbunga kinakuja, kinabeba nyumba, kinabeba mbuzi, na watu wanafukua shelisheli yao iliyochacha wanakula miezi mitatu. Diski zifukiwe. Mereoni akauliza kama nazo zikichacha zitaliwa. Reli akasema zitiwe kwenye pipa la mchele kwanza, mchele unanyonya unyevu, ndipo zifukiwe, na waya utokezwe juu kwa bomba.

Shiu alicheka mpaka akakohoa. Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja, na ndani ya moyo wake alikuwa karibu kukubali mbili ndogo. Mtu wa umri wake atamweleza nini mwanawe, kwamba anataka diski kubwa za kuwekea watu wanaomenya viazi? Tena kulikuwa na zile sehemu za giza. Kwenye karibu kila harusi, saa ya bibi arusi kuagwa, picha ilikuwa inaingia giza, dakika moja, wakati mwingine mbili. Mkono wa Phulmati ulikuwa unachoka, taa nzito ile, mchana kutwa. Shiu alikuwa akimfokea mbele za watu, taa, taa, na nyumbani alikuwa akikata giza lote bila hata kulisikiliza. Hata sasa, akihamisha mikanda, akifika gizani alikuwa anasimamisha mashine na kusukuma mbele.

Mara akaja mwanamke kutoka upande wa mabasi, amevaa suruali na viatu vya safari, ana umri kama wa miaka thelathini na tano. Akasalimia vizuri, akasema anaitwa Ashika, amekuja kutoka Auckland, na kwamba wamemwambia mpiga video wa zamani anapatikana hapa.

— Umempata, akasema Reli. Ila kaa kwanza. Hapa aliyesimama hasikilizwi.

Akakaa. Mereoni akampa maji mafu kwa huruma, naye akapiga makofi yake inavyotakiwa, na Reli akampenda hapo hapo. Alikuwa binti wa Indar Kumari wa Wainikoro. Shiu akamkumbuka mara moja: harusi ya mwaka themanini na tisa, mvua asubuhi, jenereta iligoma. Ashika akasema mama yake alifariki mwaka jana, na mkanda wake wa harusi alikuwa nao mpaka mwisho, alihama nao nyumba nne. Mwishoni mwa mkanda ule, baada ya nyimbo, kulikuwa na robo saa ambayo haikukatwa.

— Nilisahau, Shiu akasema. Nilikuwa na harusi tatu wiki ile. Samahani sana.

— Mjomba, mama alikuwa anaangalia hiyo robo saa tu.

Akaeleza. Kuagwa kunaanza, mama yake anashikwa huku na huku, uso umeinama, watu wamejaa wanatazama. Halafu picha inaingia giza. Na gizani, karibu kabisa, inasikika sauti ya mwanamke, inanong'ona. Ashika alikuwa ameyashika maneno yake yote.

— Anasema, lia tu, mwanangu. Taa nimeigeuza. Hakuna anayekuona.

Mereoni alikuwa ameshika kata juu ya karai, kava inadondoka tone tone.

Shiu alitazama mikono yake. Miaka thelathini na moja. Alifikiri ni mkono kuchoka, naye Phulmati hakumwambia hata siku moja kwamba sivyo. Alikubali kufokewa mbele za watu, harusi hadi harusi, akarudisha taa baada ya dakika yake moja kama mtu aliyepumzika. Na Shiu akaenda nyumbani akayakata maneno yale kwenye mikanda waliyolipia watu, harusi mia tatu na kumi na moja, isipokuwa moja aliyoisahau.

Ashika akasema mama yake alimwachia ujumbe, akifika Labasa amtafute yule mama wa taa amshukuru. Lakini hotelini wamemwambia kwamba amekwisha kufariki, basi amekuja kuwashukuru waliobaki. Kisha akauliza swali dogo.

— Alikuwaje? Akiwa kazini, ameshika taa. Alikuwa anaonekanaje?

Reli ndiye aliyeanza, maana binti yake mwenyewe aliolewa mbele ya taa ile. Alifungua mdomo, akaangalia juu, akatafuta. Alikuwa amevaa, akasema. Alikuwa amesimama. Akafumba macho kabisa kujaribu kuona, kisha akakiri kwamba anachokumbuka ni mwanga tu. Ulikuwa unampiga usoni, nyuma yake hakuona kitu.

Injinia naye akajaribu. Alihudhuria harusi hamsini za Kaseti kama si sitini. Akakumbuka waya, akakumbuka joto la taa, akakumbuka wadudu. Mereoni akasema kila alipomtazama Phulmati alikuwa analazimika kuinua kiganja mbele ya macho.

Wakamgeukia Shiu. Yeye ni mume, yeye alisimama hatua mbili kutoka kwake.

Shiu alitaka sana kujibu. Alikuwa nazo picha zake nyumbani, ya pasi ya kusafiria, ya harusi yao, ya hospitali na mtoto wa kwanza. Lakini akiwa kazini? Jicho lake la kulia lilikuwa kwenye kamera na la kushoto alikuwa amelifumba. Alitazama kule taa ilikomulika, miaka yote ile, na wala hakugeuka.

— Sijui, mwanangu, akasema.

Mereoni akakamua kitambaa chake mara ya mwisho, akainamisha karai, wakaona vumbi la mzizi limebaki chini. Kwa kawaida hapo kila mtu huinuka na kutafuta kofia yake. Leo hakuna aliyeinuka.

— Injinia, akasema Shiu. Andika. Nne, kubwa kabisa waliyonayo, za gesi. Mbili duka moja, mbili duka jingine. Za ulinzi sitaki. Na ya tano ya pembeni, ya kunakili kila kitu kwa kukibana, huyu binti apelekewe Auckland, kimbunga kikinichukua mimi na sanduku.

Injinia akageuza pakiti ya biskuti upande mweupe, akaandika, polepole, bila mzaha. Akapiga hesabu tena. Akapangusa kalamu.

— Kaka, hizo ni saa elfu mbili, akasema. Na nyingine giza tupu. Nani atakaa chini azitazame zote?

— Mimi, akasema Shiu. Nina nafasi.